Silvia wa Mokowe

Jina lake nililisikia kwanza kupitia dirisha la choo,
mume wangu Lali akinong'ona kwenye simu:
"Silvia anashuka Kilindini Jumanne.
Nimeshalipa zote. Asiguswe na mtu mpaka nifike."

Tui likanikatikia jikoni.
Mwaka wa elfu mbili na saba huo, nasi tunakaa Langoni,
ambako punda wawili wakikutana mmoja hurudi kinyumenyume.
Silvia gani huyu? Atapita wapi na masanduku yake?

Nikapekua kanzu yake ya Ijumaa.
Nikatoa karatasi ya mnada, maandishi kama nyayo za kaa,
na mchoro wa gari lililowambwa kama ngozi ya mbuzi,
limetiwa alama kila lilipoumia:
A moja mlangoni, mkwaruzo. U mbili, kibonyeo.
Ubavuni W, palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi upya.
Daraja: tatu na nusu.
Kilomita: laki moja na elfu kumi na mbili.

Nilicheka hadi nikakaa chini.
Kisha nikasoma bei.

Bei ilikuwa chumba cha juu tusichokijenga.
Ilikuwa bangili zangu alizosema kaziweka benki.
Ilikuwa mashine za boti alizofungua na kufunga miaka sita,
mikono ikinuka petroli hata kwenye futari.
"Sikukuficha," akasema. "Nilichelewa kusema."
Na ushuru bado. Na wakala wa forodha bado,
Bwana Badi mwenye sauti ya halua,
ambaye kila akipiga simu kuna stakabadhi moja imepungua.
Na ile sheria ya miaka minane:
gari ni la elfu mbili, meli imekwama Yokohama,
Lali anahesabu miezi kwa vidole kama mja mzito.

Alilileta mwenyewe kutoka Mombasa.
Malindi alipita kama bwana harusi, watoto wakimkimbilia.
Baada ya Garsen lami ikaisha, na gari lenyewe liko chini,
tumbo na ardhi vimeachana kiganja kimoja.
Mbele lori la polisi, nyuma basi linapiga honi,
yeye katikati, gia ya kwanza, anaomba radhi kwa kila jiwe.
Witu aliacha bampa.
Mokowe alifika uso mwekundu wa vumbi,
anatabasamu kama mtu aliyeibiwa akasamehe.

Hapo ndipo barabara inapoishia. Sisi tunaishi ng'ambo.
Akamjengea banda la mabati, akamfunika turubai,
na kila Jumamosi akavuka kwenda kumwamsha:
maji, mafuta, injini ingurume dakika kumi,
kisha anazima, anarudi, anakula wali.
Miaka. Nasema miaka.
Mke mwenza asiyedai nguo wala zamu.

Siku moja nikavuka naye, nimejaza maneno kinywani.
Nikashika mlango wa kushoto. "La," akasema. "Huku."
Nikakunja buibui magotini.
Klachi nzito kama jiwe la kusagia;
injini ikanizimikia mara nne, hakutoa neno.
Ya tano ikashika. Tukaelekea Hindi,
na kwenye gia ya tatu tabo ikaamka:
mluzi mwembamba, kama mtu avutaye pumzi kabla ya kutoa siri,
kisha kiti kikanipiga mgongoni
na yale maneno yote yakabaki nyuma, sijui kwenye mkorosho upi.

Sasa lami imefika. Vijana wanakuja na simu zao,
wanachungulia chini ya turubai, wanataja pesa
za chumba cha juu na baraza yake.
Wanasema leo gari la umri huu haliingii nchini.
Lali ananitazama. Goti lake haliwezi klachi tena.
Nawaambia warudi Jumamosi.

Jumamosi sipo. Nimekwenda Hindi.